Kizibo cha Boti Kilichokwenda Kuposa Izimbya

Wanangu mlioajiriwa juzi kwenye boti ya doria, habari zenu nimezipata. Nasikia mnanung'unika. Mlidhani kazi ni kukimbizana na wenye nyavu haramu na kupiga picha mkiwa mmevaa miwani nyeusi, kumbe kutwa nzima mko mchangani mnakwangua utelezi kwenye tumbo la boti, mikono imejaa grisi. Niliposikia hivyo nilicheka mpaka kisu cha kumenyea ndizi kikanidondoka. Nikasema hawa ngoja niwaandikie.

Mimi ndiye Kokushubira, ila kazini hakuna aliyeniita hivyo. Nilikuwa Ma Koku, fundi wa injini, na sasa nimestaafu, nipo hapa Nshambya na migomba yangu. Nahodha wangu miaka yote alikuwa Mzee Abdu, mtu wa mjini Bukoba, babu zake walitoka pwani, sala tano hazimpiti na mzaha haumpiti vilevile. Ujuzi nilionao nusu nimeutoa chuoni na nusu nimeutoa kwake, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananielekeza kwa kidole cha mguu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama mkojo wa injini. Msishangae, ndivyo tulivyouita ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni injini ikiwaka. Gugumaji likiziba tundu la kuvutia maji, mchirizi unakatika na injini inapika yenyewe. "Ma Koku," alikuwa ananiambia, "injini isiyokojoa ni mgonjwa. Zima, usimuulize maswali." Oili ya gia nayo mkiimwaga ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, jueni maji yameshaingia. Msikae mnabishana nani kaharibu. Badilisheni sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie, mtabishana mkinywa chai.

Na rangi jamani, rangi. Msipake rangi siku wale wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kutoka majini mithili ya moshi. Kuna mwaka Mzee Abdu alipaka boti nyeupe pee, akasimama pembeni kuisifia. Hajamaliza kuisifia, wingu la wadudu likatokea upande wa kisiwa cha Bumbire, likatua lote kwenye rangi mbichi. Boti ikaota manyoya. Kijana wetu Kamugisha, ambaye ndiye mwenye hadithi hii, akaizunguka taratibu akauliza, "Nahodha, tumnyoe au tumwache azeeke hivihivi?" Tulikwangua wiki nzima. Kila tukikwangua mmoja wetu anakumbuka neno "manyoya", tunakaa chini kucheka, kazi inasimama.

Sasa nifike kwenye kizibo.

Nyuma ya kila boti ya namna ile, chini kabisa, kuna tundu la kumwagia maji yaliyojikusanya ndani. Ukipandisha boti mchangani kwa matengenezo unafungua kizibo, maji yanatoka, tumbo linakauka. Ukirudisha boti ziwani bila kizibo, ziwa linaingia ndani. Ni jambo dogo ambalo hata mtoto analielewa, na ndiyo maana watu wazima hulisahau. Mwaka mmoja, kabla ya Kamugisha kuja, tulishusha boti hapo bandari ya Kemondo tukiwa na wageni wa heshima, watu wa suti, kila aliyekuwepo akijua fulani ameshaziba. Hatujafika mbali wageni wakaanza kuinua miguu. Mmoja akauliza kwa upole kama boti hii ndivyo inavyooshwa. Tulirudi nchi kavu viatu vya wakubwa vikielea mbele yetu.

Siku ile Mzee Abdu akatoa sheria, na sheria zake zilikuwa chache. Anayefungua kizibo ndiye atakayekirudisha, na mpaka atakapokirudisha, kizibo kitakaa shingoni mwake kwa kamba. Ale nacho, alale nacho, aende nacho msalani. Mtu yeyote akitaka kushusha boti, amtafute kwanza mwenye shingo.

Sheria nzuri kabisa. Ilitufaa miaka mingi, hadi Kamugisha alipotaka kuoa.

Kamugisha alizaliwa Bumbire, kijana mrefu, mpole, wa kusahau chakula kwa ajili ya kazi. Alimpenda Kemilembe, mwalimu wa kijiji cha Izimbya, na Kemilembe alimpenda, hilo halikuwa na shida. Shida ilikuwa baba yake binti, Mzee Ishengoma, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa msimamo. Binti yake mkubwa aliolewa na askari, askari akahamishiwa Mtwara, na tangu hapo mzee anawaona wajukuu zake kwenye simu tu, wakiwa wameganda mdomo wazi mtandao ukikatika. Akaapa kwamba Kemilembe hatamtoa kwa mtu wa kuhamahama. Kamugisha akatuma ujumbe kwamba yeye ni mtu wa boti ya Bukoba na boti ya Bukoba haiendi popote. Mzee akasema sawa, Jumamosi njooni mpose, tutazungumza.

Wiki hiyohiyo tukapewa taarifa kwamba mkaguzi anakuja Jumatatu kutoka makao makuu. Boti zilikuwa chache na vituo vilikuwa vinagombea. Boti itakayokutwa haiko tayari ingehamishiwa kituo kingine, na wafanyakazi wake pamoja nayo. Mnaona mambo yalivyokaa. Boti ikifeli, Kamugisha anahama. Kamugisha akihama, Kemilembe hampati.

Tukafanya kazi kama wendawazimu. Kamba ya kuvutia boti ilikuwa imechakaa, kwa hiyo tuliipandisha kwa njia yetu, juu ya vigogo vya migomba. Nilivileta kutoka shambani kwangu, vya migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, kwa sababu mgomba wenye mkungu mchanga hata afande wa nyota ngapi hanikatii. Mnavipanga mchangani, utomvu unateleza, boti ya tani inapanda huku mnaimba. Ijumaa Kamugisha akafungua kizibo, akakivaa shingoni, tukakwangua, tukapiga msasa, nikabadilisha oili na mpira wa pampu. Jumamosi alfajiri akaondoka kwenda Izimbya na wajomba zake. Kazi ilikuwa imalizike Jumapili, aliyefungua hakuwa ameziba, basi kizibo kilibaki shingoni, chini ya shati jeupe na tai. Alifuata sheria barabara.

Mimi na Mzee Abdu tulitakiwa kumfuata mchana, mimi nikiwa upande wa mama zake, yeye upande wa wazee. Nilikuwa nimeleta na mkungu wa ndizi za kupika, tule ebitoke na maharage kabla ya safari. Sufuria bado halijachemka, gari likasimama, akashuka mwanamke wa makamo, sare imenyooka, buti zinang'aa. Afande Elieth, mkaguzi.

"Najua mlinitarajia Jumatatu," akasema. "Nimewahi kwa sababu leo jioni nina shughuli ya ukoo huku Bukoba Vijijini. Boti naiona juu. Ishusheni niipande."

Mzee Abdu akanitazama. Mimi nikamtazama Mzee Abdu. Kisha wote wawili tukatazama lile tundu.

"Afande," Mzee Abdu akasema kwa sauti ya asali, "tupe nafasi ya kukuwekea mto wa kukalia."

Nikampigia Kamugisha, simu haipatikani. Kumbe mjomba wake alizikusanya simu zote asubuhi zisije zikalia mbele ya wakwe. Kizibo cha akiba? Wanangu, hicho ndicho tulichokuwa tumekivaa, kile cha kwanza kilibaki Kemondo siku ya viatu. Nikatafuta mbao ya kuchonga, hakuna. Nikatafuta kitambaa, kikapita chote kikatokea upande wa pili. Mzee Abdu alikuwa ameshaanza kutaja majina ya Mwenyezi Mungu kwa mpangilio. Mimi nilikuwa namfikiria yule kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki huko Izimbya, anaahidi kwamba boti haiendi popote, na roho ilikuwa inaniuma kwelikweli.

Macho yakaangukia ule mkungu.

Ndizi mbichi, tazameni vizuri siku moja, ni ngumu, imeanza nyembamba ikaendelea kunenepa. Nikachuma moja nikaijaribu kwenye tundu, ikaingia yote ikapotea. Nikachukua ya pili, ikavunjika. Mzee Abdu akaacha dua, akaja akachuchumaa karibu nami, tukaanza kuchagua ndizi kwa makini kuliko anavyochaguliwa hata bibi harusi. "Hiyo ina kiuno kibaya," ananong'ona. "Leta ile ya mkono wa juu." Ya mkono wa juu nikaizungushia mpira wa baiskeli, nikaisukuma, nikaigonga na kisigino cha nyundo. Ikakaa. Utomvu ukatoka pembeni ukashika.

"Bismillahi," akasema Mzee Abdu, na tukasukuma boti.

Vigogo vya migomba havikutuangusha, boti ilikwenda majini kwa haraka mpaka Mzee Abdu akabaki ameshikilia hewa. Afande akapanda. Mimi nikatandika kitenge juu ya mfuniko wa shimo la maji nikakaa hapo, mkono mmoja kwenye pampu ya mkono, natabasamu. Injini ikawaka mara moja, ikakojoa vizuri sana. Tukazunguka, tukaongeza mwendo, tukapunguza, tukarudi kinyumenyume. Afande anauliza maboya, kuna maboya. Anauliza kizima moto, kipo. Mimi napampu kidogokidogo, nazungumzia hali ya hewa. Ndani ya kichwa changu naisihi ile ndizi kwa Kihaya, kwa sababu Kiswahili nilihisi haitanielewa.

Tulipokaribia kurudi Afande akasimama mbele yangu.

"Mama, mbona unapampu muda wote?"

"Mazoezi tu, Afande. Bega linanisumbua."

"Naomba usimame."

Nikasimama. Akainua mfuniko, akawasha tochi ya simu, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Chini kule ncha ya kijani ilikuwa inamtazama.

"Nahodha, hii ni ndizi."

"Ndiyo, Afande."

"Kizibo kiko wapi?"

"Kimevaliwa, Afande."

"Kimevaliwa?"

Mzee Abdu akamweleza sheria, kwa unyenyekevu na kwa mikono yote miwili. Akamweleza na viatu vya Kemondo. Uso wa mkaguzi haukusogea hata kidogo.

"Na huyo mwenye shingo yuko wapi?"

"Ameenda kuposa, Afande. Huko vijijini."

Akafunga mfuniko polepole, akasafisha mikono. "Injini yenu ni safi. Boti ni safi kuliko zote nilizoziona mwaka huu. Lakini mimi siwezi kuacha chombo cha serikali mahali ambapo kizibo kinakwenda kuposa. Kesho asubuhi nitapita hapa. Nikikikuta mahali pake, tutazungumza. Nisipokikuta, boti inahama na nyinyi mnahama." Akapanda gari lake akaondoka.

Wavuvi walitusaidia kuivuta boti mchangani, tukapanda bodaboda mbili na kushika njia ya Izimbya. Maharage tuliyaacha jikoni, sijui yaliliwa na nani.

Tulikuta turubai limefungwa uani, wageni wameketi pande mbili, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kinapita. Kamugisha alikuwa katikati ya wajomba zake, suti imembana, jasho linamtiririka. Mzee Ishengoma ndiyo kwanza alikuwa ameanza maswali. Sikuweza kumwendea kijana mbele za watu kumdai kizibo, kwa hiyo Mzee Abdu alipopata jicho lake akajigusa shingoni. Kamugisha akadhani tai imelegea, akaikaza. Mzee Abdu akajigusa tena kwa nguvu. Kamugisha akaikaza tena. Kijana alipokaribia kuzimia kwa kukabwa na tai, nikamtikisia kichwa, basi akaielewa vingine, akailegeza yote na kufungua kifungo cha shati.

Ile kamba ikaonekana.

Mzee Ishengoma akainuka nusu kutoka kitini. Wazee wa kanisa waliokuwa upande wake wakasogea mbele.

"Kijana," mzee akasema, "shingoni umevaa nini?"

Mkono wa Kamugisha ukaenda kwenye kamba, akakumbuka. Akaivuta taratibu. Mwishoni kikatoka kile kitu cha shaba, kimeng'aa kwa jasho.

"Hirizi," mtu akanong'ona, na neno likapita viti vyote. Mama mmoja akaanza kukusanya kanga yake. Nilimwona Kemilembe mlangoni kwa ndani, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Tata, si hirizi," Kamugisha akasema, akimwita baba kwa Kihaya. "Ni kizibo cha boti. Nilikifungua jana, na sisi aliyekifungua hakivui mpaka akirudishe. Nimekizoea, nimesahau kwamba nimekivaa."

"Kizibo cha boti," mzee akarudia. "Umekuja na kizibo cha boti kuposa kwangu. Na hiyo boti, una hakika itabaki Bukoba?"

Hapo nikatamani ardhi inimeze. Kamugisha hakujua ya asubuhi, lakini alijua mkaguzi anakuja. Angeweza kusema ndiyo, na sisi wote tungeitikia.

"Sina hakika, Tata," akasema. "Kuna ukaguzi. Tumefanya kazi yote tuliyoweza. Zaidi ya hapo siwezi kukuapia."

Mzee Ishengoma akaangalia chini, na nikaona kabisa anavyomkumbuka yule binti wa Mtwara. Akageuka upande wa nyumba. "Tumsikie shangazi yake binti. Dada, njoo."

Akatoka mwanamke wa makamo kwenye gomesi, lile gauni refu la sherehe, la rangi ya zambarau, kilemba kimesimama. Sikumtambua mpaka alipopiga hatua, kwa sababu ile hatua haikuwa ya gomesi. Mzee Abdu akanishika mkono, akanifinya mpaka leo nina alama.

Afande Elieth akaenda moja kwa moja kwa Kamugisha, akakipokea kizibo kiganjani, akakigeuzageuza. Kisha akatutazama mimi na Mzee Abdu tulivyojikunyata kwenye viti vyetu.

"Kaka," akamwambia Mzee Ishengoma, "hiki nimekitafuta tangu asubuhi. Nilipanda boti ya watu hawa, imezibwa na ndizi."

"Na nini?"

"Ndizi. Ya kupika. Nilikasirika sana. Nikasema hawa ni wazembe, boti nawanyang'anya." Akainua kizibo juu wote wakione. "Nilitaka kujua ni mtu gani anayeweza kuondoka na kizibo cha serikali. Sasa namwona. Ni mtu ambaye akikabidhiwa kitu hakivui hata siku ya posa yake, na akiulizwa jambo gumu hadanganyi ili apate mke. Kaka, mimi nimekagua vyombo vingi na wanaume wengi. Binti mpe. Boti inabaki."

Wanangu, sijui nani alianza. Nadhani ni Mzee Ishengoma mwenyewe, mabega yalianza kumtikisika, akarudia "ndizi" kwa sauti ndogo, akafuta machozi kwa leso, kisha turubai zima likalipuka. Vigelegele vikatoka ndani ya nyumba. Kizibo kikaingizwa kwenye kikapu cha kahawa na kupitishwa, kila mzee akakipima uzito na kumpa mwenzake. Kilipofika kwangu nilikibusu hadharani bila aibu.

Jumapili asubuhi Afande alifika kweli, amerudia sare yake. Kamugisha akaitoa ndizi, akaweka kizibo. Afande akaiokota ile ndizi, akaibonyeza.

"Ma Koku, hii ilikuwa lazima ivuje kidogo. Siku nyingine tumia embire, ile ya pombe. Ni ngumu zaidi." Akaenda zake.

Basi wanangu, mkiambiwa kukwangua, kwangueni. Mkifungua kizibo, kivaeni, na mnunue cha akiba, msitegemee mashamba ya watu. Na mkitaka kujua kama sheria ya Mzee Abdu inafaa nje ya boti, nawaambia nililoliona kwa macho yangu kanisani siku ya ndoa. Mchungaji alipoomba pete, mpambe akapapasa mfuko wa kwanza, akapapasa wa pili, akaanza kutoka jasho. Kamugisha hakutazama upande wake kabisa. Alilegeza tai, akafungua kifungo cha shati, akaingiza vidole shingoni na kuvuta kamba, na pete ya Kemilembe ilikuwa inaning'inia hapo.